Mlango-Bahari wa Pentland: Maji, Majina na Maarifa ya Mabaharia

1.0 Utangulizi

Katika ncha ya kaskazini ya bara la Uskoti, ardhi ya Caithness hukoma ghafla kwenye magenge marefu ya mawe. Ng'ambo ya magenge hayo kuna visiwa vya Orkney. Baina ya bara na visiwa hivyo pana mlango-bahari uitwao Pentland, unaounganisha Bahari ya Atlantiki upande wa magharibi na Bahari ya Kaskazini upande wa mashariki. Urefu wake ni takribani kilomita 23, na upana wake ni kati ya kilomita 10 na 13. Siku ya anga jeupe, mtu aliyesimama pwani ya bara huziona nyumba na mashamba ya visiwani bila ya kutumia darubini.

Kwa hesabu ya masafa, basi, mlango-bahari huu ni mdogo. Feri ya leo huuvuka kwa muda wa saa moja hivi. Hata hivyo, ni miongoni mwa maji yanayoogopwa sana na mabaharia barani Ulaya. Merikebu za wafalme, jahazi za wavuvi, mashua za kuokolea na meli za chuma zimezama humo, nyingine zikiwa karibu na nchi kavu kiasi cha kuonekana na watu waliokuwa pwani.

Makala haya yanakusudia kueleza chanzo cha nguvu za maji hayo, namna watu wa pande zile walivyoishi nazo, na namna zinavyotumiwa leo kuzalisha umeme. Hoja inayoongoza maelezo haya ni kwamba hatari ya Pentland si jambo la kubahatisha. Ina saa yake, ina upande wake, na aghalabu ina jina lake. Aliyezijua saa na majina hayo alivuka salama, ilhali aliyeyapuuza alijitia mashakani. Kwa msingi huo, kisa cha mlango-bahari huu ni kisa cha maji na vilevile ni kisa cha lugha.

2.0 Asili ya Majina

Jina "Pentland" halikutokana na Kiingereza. Mabaharia wa Norwei waliofika pande hizo zaidi ya miaka 1,000 iliyopita waliwakuta Wapikti, ambao ndio waliokuwa wenyeji wa kaskazini mwa Uskoti. Wageni hao wakauita mlango huo kwa lugha yao "Petlandsfjord", maana yake "ghuba ya nchi ya Wapikti". Wapikti walitoweka wakiwa taifa, na lugha yao ikapotea. Jina walilopewa na wageni ndilo lililobaki, tena likiwa limegeuka kimatamshi hivi kwamba wengi wanaolitumia leo hawatambui kuwa limebeba kumbukumbu ya watu hao.

Visiwa vilivyo katikati ya mlango vina majina ya asili hiyo hiyo. Stroma, kilicho karibu na bara, ni "kisiwa cha mkondo". Swona, kilicho upande wa Orkney, ni "kisiwa cha nguruwe". Upande wa mashariki kuna Pentland Skerries, na neno la mwisho la jina hilo hutaja miamba inayochomoza baharini. Kaskazini mwa Stroma kuna mahali ambapo maji huzunguka kwa nguvu na kufanya shimo katikati, napo huitwa Swelkie. Jina hilo linatokana na neno la Kinorwei cha kale lenye maana ya "mmezaji".

Orkney ilikuwa chini ya himaya ya Norwei kwa karne kadhaa. Mwaka 1468, Mfalme Christian I, aliyetawala Denmark na Norwei, aliviweka visiwa hivyo rehani kwa Uskoti kwa sababu hakuweza kutoa fedha zote alizoahidi katika ndoa ya binti yake Margaret na Mfalme James III. Rehani hiyo haikukombolewa. Mwaka 1472 Orkney iliunganishwa rasmi na ufalme wa Uskoti. Baada ya hapo, lugha ya visiwani iliyoitwa Kinorn, ambayo ni mzao wa Kinorwei cha kale, ilianza kudidimia. Kiskoti kikashika nafasi yake kanisani, mahakamani na sokoni, na kufikia karne ya 18 Kinorn kilikuwa kikitoweka katika vinywa vya watu wa Orkney.

Jambo la kuzingatiwa na mwanafunzi wa lugha ni kwamba majina ya bahari hayakufa pamoja na lugha iliyoyazaa. Watu waliacha kusema Kinorn lakini hawakuacha kusema Swelkie wala Stroma. Sababu yake ni rahisi. Jina la mahali penye hatari ni chombo cha kazi, na baharia hatupi chombo anachokihitaji kesho.

3.0 Namna Mkondo Unavyozaliwa

Ili kuelewa nguvu ya Pentland, ni vyema kuanza na kujaa na kupwa kwa maji. Mwezi na jua huyavuta maji ya bahari, na mvuto huo hufanya wimbi pana linalosafiri baharini. Katika Atlantiki ya kaskazini-mashariki, wimbi hilo la kujaa hupanda kuelekea kaskazini likifuata pwani ya magharibi ya Uskoti. Linapofika ncha ya bara hugawanyika. Sehemu moja hukabili mlango wa Pentland, na sehemu kubwa huzunguka kaskazini mwa visiwa vya Orkney na Shetland kabla ya kuteremka katika Bahari ya Kaskazini.

Mzunguko huo huchukua muda. Kwa hiyo maji yanapokuwa yamejaa upande wa magharibi wa mlango, upande wa mashariki bado hayajajaa, na tofauti ya nyakati inakaribia saa 2. Matokeo yake ni kwamba uso wa bahari upande mmoja huwa juu kuliko uso wa bahari upande wa pili, ingawa pande hizo mbili zimetengana kwa kilomita chache tu. Maji hayawezi kukaa katika hali hiyo. Huteremka kutoka palipo juu hadi palipo chini, na njia fupi ya kupitia ni mlango wa Pentland wenyewe.

Hali hiyo huzaa mikondo miwili inayopokezana. Wakati wa kujaa, maji hukimbia kutoka Atlantiki kuelekea mashariki kwa takribani saa 6. Kisha hutulia kwa muda mfupi. Baadaye, wakati wa kupwa, hugeuka na kukimbia kuelekea magharibi kwa muda kama huo. Kwa siku moja, basi, mkondo hugeuka takribani mara 4.

Kiswahili kina msamiati unaolieleza jambo hili barabara, maadamu ni lugha iliyokulia pwani. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, mwezi na jua huvuta kwa pamoja, na maji hujaa sana na kupwa sana. Hayo ndiyo maji ya bamvua. Katikati ya vipindi hivyo viwili mvuto hupungua, na maji hayo huitwa maji mafu. Huko Pentland, tofauti baina ya bamvua na maji mafu ni tofauti kubwa mno kwa msafiri. Katika siku za bamvua, mkondo ulio karibu na Pentland Skerries unaweza kufikia mwendo wa mita 5 kwa sekunde, yaani kilomita 18 kwa saa, na mabaharia wameripoti kasi inayozidi hiyo. Chombo cha tanga kinachokwenda kilomita 10 kwa saa kikiukabili mkondo wa namna hiyo kitarudishwa nyuma hata kama tanga limejaa upepo.

Umbo la mlango huongeza ukali huo. Visiwa vya Stroma na Swona pamoja na miamba iliyo jirani huyabana maji na kuyalazimisha kupita katika nafasi nyembamba. Sakafu ya bahari nayo haiko sawa, kwani ina vilima na mabonde. Maji yaendayo kasi yanapogonga rasi ya kisiwa hujigawa, na nyuma ya rasi hiyo hubaki maji yanayozunguka na hata kurudi kinyume. Mpaka baina ya maji yanayokimbia na yale yanayorudi ndipo mahali ambapo chombo kidogo hugeuzwa ghafla bila ya nahodha kutarajia. Waswahili husema kwamba bahari haishi zinge. Methali hiyo ingeweza kutungwa Pentland.

4.0 Maji Mabaya na Saa Zake

Mkondo peke yake haumalizi kisa. Ubaya wa maji hutokea hasa mkondo unapokutana na upepo au mawimbi yanayotoka upande ulio kinyume. Wimbi linalosafiri dhidi ya mkondo hupunguziwa mwendo. Mawimbi yanayolifuata hulikaribia, nafasi baina ya kilele na kilele hupungua, na vilele vyenyewe huinuka hadi vikaporomoka. Bahari iliyokuwa ya mawimbi mapana hugeuka kuta za maji zinazosimama karibu karibu. Meli hupanda ukuta mmoja na kabla haijatulia hupigwa na mwingine.

Mabaharia wa Caithness na Orkney waliyatambua maeneo hayo na kuyapa majina. Mfano mashuhuri ni "Merry Men of Mey", yaani "Wanaume Wachangamfu wa Mey". Mey ni sehemu ya pwani ya Caithness, na wanaume hao si watu bali ni mawimbi yanayoonekana kana kwamba yanarukaruka ngomani. Huzuka wakati wa kupwa, mkondo unapokimbilia magharibi, na huwa wabaya zaidi mawimbi makubwa ya Atlantiki yanapokuja kuukabili mkondo huo. Huanzia karibu na bara na kusambaa kuelekea kisiwa cha Hoy, hata wakaweza kuuziba mlango mzima. Ajabu ni kwamba huwa mithili ya boma, kwa kuwa mawimbi ya Atlantiki huvunjikia hapo na maji yaliyo mashariki yake huwa na utulivu kiasi.

Swelkie nayo hufanya kazi wakati wa kujaa na wakati wa kupwa, ila huhama. Mkondo unapokwenda mashariki, mzunguko wake huwa mashariki ya rasi ya Stroma, na mkondo unapokwenda magharibi, mzunguko huhamia upande huo. Karibu na rasi ya Duncansby, iliyo kwenye pembe ya kaskazini-mashariki ya bara, maji mengine mabaya huanza mkondo wa kujaa unapoanza kukimbia.

Ukiyatazama majina haya kwa pamoja, utaona kwamba yanafanya kazi ya ramani na kalenda kwa wakati mmoja. Aliyemwambia kijana wake ajihadhari na Wanaume wa Mey alikuwa amemwambia mahali, upande wa mkondo na hali ya upepo kwa maneno machache. Kijana hakuhitaji kusoma kitabu ili ayahifadhi.

5.0 Kijaa cha Chumvi

Kabla ya wanasayansi kueleza mwendo wa maji, watu wa kaskazini walikuwa na maelezo yao. Mwandishi Snorri Sturluson wa Iceland, aliyeishi katika karne ya 13, alihifadhi ngano moja kuhusu kijaa, yaani mawe mawili ya kusagia, kilichoitwa Grotti. Kijaa hicho kilisaga chochote ambacho mwenyewe angekitaka, lakini kilikuwa kizito hivi kwamba hakuna mtu aliyeweza kukizungusha. Mfalme Frodi wa Denmark akawanunua wajakazi wawili wenye nguvu za majitu, Fenja na Menja, akawatia kazini wamsagie dhahabu na amani. Tamaa ikamzidi, akawanyima hata muda wa kulala. Wajakazi wakakasirika, wakasaga jeshi la kumwangamiza. Mfalme wa baharini aitwaye Mysing akaja usiku, akamuua Frodi, akachukua kijaa na wajakazi na kuwapakia merikebuni.

Mysing aliamuru isagwe chumvi. Usiku wa manane wajakazi walimwuliza iwapo haijamtosha, naye akasisitiza waendelee. Chumvi ikajaa, merikebu ikaelemewa na kuzama. Tangu hapo, ngano inaeleza, maji huzunguka mahali pale kwa kuwa huingia katika tundu la kijaa, na bahari ikawa na chumvi. Mapokeo yanakitaja kisa hiki kuwa kilitukia katika mlango wa Pentland, na wenyeji hupaonyesha mahali penyewe kuwa ni Swelkie.

Ngano hii hutoa onyo kwa bwana asiyejua kutosheka. Lakini kwa mintarafu ya mlango-bahari, ina jambo la ziada. Waliyoisimulia walikuwa wametambua kwamba mwendo wa maji yale ni wa kuzunguka, kwamba haukomi, na kwamba una nguvu ya kusaga. Sababu waliyoitoa ni ya kubuni, lakini mwendo walioueleza ulitokana na kutazama.

6.0 Kuvuka, Kumulika na Kuokoa

Licha ya hatari zake, mlango wa Pentland haukuwahi kuachwa. Mwaka 1263 Mfalme Haakon wa Norwei aliupita na msafara mkubwa wa merikebu akienda kupigana na Uskoti. Alirudi akiwa hakupata ushindi, na masimulizi ya safari hiyo yanasema kwamba merikebu yake moja ilipotea mlangoni humo pamoja na watu wake. Haakon mwenyewe alifariki mjini Kirkwall, Orkney, Desemba ya mwaka huo. Mapokeo mengine yanaeleza kwamba kivuko cha kudumu kiliendeshwa tangu mwishoni mwa karne ya 15 na Mholanzi Jan de Groot, na kwamba jina lake ndilo lililozaa jina la kijiji cha John o' Groats.

Biashara ya bahari ilipokua, haja ya kuumulika mlango ilionekana. Mnara wa taa wa Pentland Skerries uliwashwa mwaka 1794, na mhandisi Robert Stevenson alipata uzoefu wake wa awali katika ujenzi huo. Baadaye alijenga mnara wa Dunnet Head, uliowashwa mwaka 1831 kwenye rasi ambayo ndiyo ncha ya kaskazini kabisa ya bara. Stroma ilipata mnara wake mwaka 1896, na Duncansby mwaka 1924.

Taa huonyesha mwamba ulipo, lakini haiwezi kuutuliza mkondo. Ndiyo maana vijiji vya pande zote mbili viliweka mashua za kuokolea zilizoendeshwa na watu wa kujitolea, wengi wao wakiwa wavuvi na wakulima. Usiku wa tarehe 17 Machi 1969, mashua ya kijiji cha Longhope, iliyoitwa TGB, ilitoka kwenda kuisaidia meli ya mizigo Irene iliyokuwa imezidiwa na dhoruba mashariki ya Orkney. Ndani yake mlikuwa na wanaume 8. Mmoja alikuwa nahodha pamoja na wanawe wawili. Mwingine alikuwa fundi wa mitambo, naye pamoja na wanawe wawili. Walinzi wa mnara wa Pentland Skerries waliiona taa ya mashua hiyo ikipita gizani. Haikuonekana tena ikiwa inaelea wima. Kesho yake ilipatikana imepinduka, na hakuna aliyesalimika.

Irene ilitupwa pwani ya kisiwa cha South Ronaldsay, na mabaharia wake waliokolewa kutoka nchi kavu. Longhope, kwa upande mwingine, ilibaki na wajane waliompoteza mume na wana kwa usiku mmoja. Kituo hakikufungwa. Wanaume wengine wa hapo walijitolea kujaza nafasi, na Longhope ingali na mashua ya kuokolea. Sanamu ya shaba ya mwokoaji imesimamishwa makaburini walipozikwa wenzao.

7.0 Visiwa Vilivyohamwa

Wenyeji wa Stroma walisifika kwa ujuzi wa kuunda mashua na wa kuziongoza meli za wageni katika mikondo. Katika sensa ya mwaka 1901 kisiwa hicho kilikuwa na watu 375. Idadi hiyo ilipungua mwaka baada ya mwaka. Vijana walifuata kazi bara, na bandari ndogo iliyojengwa katika miaka ya 1950 haikuwazuia. Mwaka 1962 familia ya mwisho iliondoka. Nyumba zimebaki zikiporomoka, na kondoo hulishwa katikati ya kuta zake.

Swona ilifuata. Wakazi wake wa mwisho waliondoka mwaka 1974 na kuwaacha ng'ombe wao. Ng'ombe hao waliendelea kuzaliana bila ya mchungaji, na wazao wao wangali kisiwani wakiishi kama wanyama wa porini.

Kuhama kwa watu hawa kulikuwa na hasara isiyoingia katika sensa. Mtu wa Stroma alijua mahali ambapo maji hurudi nyuma dakika chache kabla ya mkondo mkuu kugeuka, na alijua mstari wa kufuata ili mashua ipite kando ya Swelkie bila ya kuvutwa. Mengi ya maarifa hayo yalipitishwa kutoka mzazi hadi mtoto mashuani. Mashua zilipopandishwa nchi kavu, darasa lilifungwa.

Inaweza kudaiwa kwamba zama za mitambo ya kuonyesha njia zimeyafanya maarifa hayo yasihitajiwe tena. Tukio la mwaka 2015 linakanusha dai hilo. Tarehe 2 Januari mwaka huo, meli Cemfjord iliyokuwa imebeba saruji kutoka Denmark ikielekea Uingereza iliingia Pentland wakati wa dhoruba, mkondo ukiwa mkali na ukipambana na upepo. Ilipinduka bila ya kutuma ujumbe wowote wa kuomba msaada. Watu wote 8 waliokuwamo walipotea. Siku iliyofuata, feri ya abiria iliyokuwa ikipita iliiona sehemu ya mbele ya meli hiyo imetokeza juu ya maji. Wachunguzi wa serikali ya Uingereza walihitimisha kwamba hali ya bahari iliyoipindua ilikuwa ya kawaida katika mlango huo, ingeweza kutabiriwa, na ingeweza kuepukwa kwa kupanga safari vyema. Meli ilikuwa na ramani na vyombo. Ilichohitaji ni kungoja.

8.0 Mkondo Ulioajiriwa

Mwanzoni mwa karne ya 21 Pentland ilianza kutazamwa kwa jicho tofauti. Nchi nyingi zilikuwa zikitafuta nishati isiyochafua hewa, na mkondo unaogeuka kwa ratiba inayojulikana una sifa ambayo upepo hauna. Hakuna anayeweza kusema kwa hakika upepo utavuma vipi mwezi ujao, lakini saa za kujaa na kupwa zinaweza kukokotolewa miaka mingi mbele. Isitoshe, maji ni mazito kuliko hewa kwa zaidi ya mara 800, na nguvu inayopatikana huongezeka upesi mwendo unapoongezeka. Mwendo ukizidishwa mara 2, nguvu huzidishwa mara 8. Haishangazi kwamba Alex Salmond, alipokuwa Waziri Kiongozi wa Uskoti, aliifananisha Pentland na Saudi Arabia katika nishati ya bahari.

Mradi uitwao MeyGen ulisimika mitambo yake baina ya Stroma na bara. Mitambo 4, kila mmoja ukiwa na uwezo wa megawati 1.5, imewekwa kwenye sakafu ya bahari, na mapanga yake huzungushwa na mkondo. Umeme ulianza kutolewa mwaka 2016, na awamu ya kwanza ikaingia katika uendeshaji kamili mwaka 2018. Mwaka 2025 ilitangazwa kwamba mmoja wa mitambo hiyo ulikuwa umefanya kazi chini ya maji kwa zaidi ya miaka 6 bila ya kutolewa kwa matengenezo.

Hata hivyo, matumaini yanahitaji kipimo. Megawati 6 ni kiasi kidogo kikilinganishwa na sifa zilizoenezwa. Utafiti wa wahandisi wa Chuo Kikuu cha Oxford uliotolewa mwaka 2013 ulikadiria kwamba kiwango cha juu kinachoweza kuvunwa Pentland kwa wastani ni megawati 1,900 hivi, ambacho ni kikubwa lakini ni pungufu ya makisio mengi yaliyotangulia. Sababu ni kwamba kila mtambo huyapunguzia maji mwendo. Mitambo ikizidi, mkondo hupungua nguvu na mitambo yenyewe hukosa cha kuvuna. Aidha, mafundi wanaoishusha na kuipandisha mitambo hufanya kazi hiyo katika muda ule mfupi ambapo maji yametulia kabla ya kugeuka. Wahandisi wa leo wenye meli kubwa na kompyuta wanaingoja saa ile ile iliyongojwa na mvuvi wa Stroma.

9.0 Hitimisho

Makala haya yameeleza kwamba mkondo wa Pentland unatokana na tofauti ya saa za kujaa baina ya bahari mbili, kwamba ubaya wake huzuka mkondo unapokinzana na upepo au mawimbi, na kwamba wenyeji waliyahifadhi maarifa hayo katika majina, ngano na mafunzo ya mashuani. Misiba ya mwaka 1969 na 2015 haifanani. Watu wa Longhope waliijua bahari yao na walitoka kwa sababu wengine walikuwa hatarini. Cemfjord iliingia katika saa ambayo ingeweza kuepukwa. Misiba yote miwili, hata hivyo, inathibitisha kwamba maji yale hayajabadilika tangu zama za Haakon.

Kwa wanafunzi wa Kiswahili, kisa hiki kinagusa kazi iliyo karibu nao. Kinorn kilitoweka, na kilichosalia katika vinywa vya watu ni majina machache na maneno ya kazi. Wavuvi wa mwambao wa Afrika Mashariki nao wana maneno ya maji, pepo, miamba na majira, ambayo baadhi yake hayamo katika kamusi. Ni wajibu wa vyama vya Kiswahili kuwaendea wazee wanaoyatumia na kuyaandika maneno hayo pamoja na maelezo ya matumizi yake: hutajwa wapi, saa ipi, na kwa kumwonya nani. Neno likirekodiwa bila ya maelezo hayo hubaki kama jina Swelkie lilivyo kwa mgeni, sauti tupu isiyomwambia kwamba mbele yake pana maji yanayomeza.